Siku Mwanatumu Alipopika Kambale

Watu wa Chara walimwita Mwanatumu mama wa hadithi, na jina hilo lilimkera, maana yeye mwenyewe alijijua kuwa mkulima. Mpunga wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenziwe wote wa ukingo ule wa mto Tana. Siku ya kusia mbegu aliijua kwa kuyakanyaga matope tu. Mtumbwi aliusukuma kwa pondo mwenyewe, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mjane asiyeomba msaada wa mtu. Lakini nani alimsifu kwa mpunga? Mtu akitoka Golbanti au Kipini, la kwanza kuuliza lilikuwa hilo hilo: yuko wapi yule mwenye hadithi ya Dado na Barwako? Basi. Jasho lote lile la shambani, kazi bure.

Hadithi aliirithi kwa shangazi yake, pamoja na dungu. Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba. Mpunga ukianza kutia maziwa punjeni ndege huja makundi kwa makundi, na mwenye shamba hana ruhusa ya kushuka huko juu tangu jua linapochomoza mpaka linapotua. Siku kumi na tano hizo, au kumi na sita. Kelele lazima upige, na kelele za bure huchosha roho. Ndipo watu wa Chara wakaona afadhali kelele ziwe hadithi. Msimulizi alikaa dungu la katikati, akasema kwa sauti kubwa kipande kimoja, madungu ya jirani yakaitikia, na ya mbali yakapokezana maneno mpaka mwisho wa mashamba. Ndege walikimbia na watu walipata lao. Kila siku kipande kimoja, na kile cha mwisho hakikusemwa ila asubuhi ya kuvuna, watu wakiwa wamekwisha shika visu. Sheria hiyo haikuletwa na mganga. Zamani msimulizi mmoja aliumaliza mkasa mapema, watu wakakaa kulia madunguni, na walipomaliza kupangusa machozi ndege walikuwa wameshakula mpunga wa nusu ya kijiji.

Mkasa wenyewe si mrefu. Dado ni Mpokomo, mvushaji, anayevusha wafugaji wa Kiorma pale malka, yaani pale ng'ombe wanaposhukia kunywa maji. Akamwona Barwako, binti wa wafugaji. Wakapendana. Wenye ng'ombe hawamtaki mtu anayekula samaki, kwao samaki ni uchafu na mlaji wake ni vivyo hivyo. Dado akautupa mtego wake mtoni, akaapa kuacha samaki maisha yake yote, wakamkataa vile vile. Kwao Dado nako wakamwambia msichana wa maziwa hawezi kulima matope. Wakapatana kutoroka. Siku ya ahadi mto ukafurika, mtumbwi ukamtupa Dado majini, akazama, nao ukateremka peke yake mpaka malka. Barwako akauona unakuja, akadhani mpenzi wake amelala ndani kujificha. Akaingia. Akakuta pondo tu. Hakutoka, mto ukamchukua mpaka Kipini, na baharini.

Hivyo tu. Hakuna jini ndani yake, hakuna mfalme, na kila mtu alijua inavyokwisha, hata watoto wa kunyonya karibu waijue. Na bado mwaka baada ya mwaka Barwako alipouinua mguu kuingia mtumbwini, yuko mtu shambani aliyemwambia asiingie. Watu wazima kabisa, wenye wajukuu, walimkataza mtu wa hadithi asiingie mtumbwini. Mwanatumu aliwasikia toka juu ya dungu na alifurahi. Alidhani machozi yale ni moyo mwema, wa kwao na wa kwake.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyesalia, Halima. Wawili wengine, na baba yao, walichukuliwa na ndui katika mwezi mmoja. Halima alikuwa binti mtulivu, mwenye mikono ya kazi kama mamake, asiyependa maneno mengi. Dungu lake lilikuwa la kwanza kushoto kwa lile la mamake, na ndiye aliyeongoza kuitikia.

Wakati wa kiangazi wafugaji walipoteremka na mifugo karibu na mto, Halima ndiye aliyepeleka mpunga wa nyumbani kwao kubadilishana na maziwa. Huko akajuana na Halkano, mwana wa Jaldesa. Ilikuwa miaka michache baada ya ugonjwa wa sotoka kuwaua ng'ombe, na kina Jaldesa walibakiwa na wachache. Kijana hakuwa na la kujivunia ila adabu na meno mazuri. Kiangazi cha kwanza walizungumza habari za maziwa. Cha pili walizungumza mengine. Cha tatu Halima alimwambia mamake waziwazi, wakitwanga, "Mama, wazee wa kina Halkano watakuja kuposa. Mimi namtaka."

Mwanatumu alisimamisha mchi. "Mwezi gani?"

"Wakati wa kupanda, maji yakishapungua."

"Haya," akasema, akaendelea kutwanga.

Halima alilichukua neno lile kuwa ndiyo. Mwanamke gani mwingine wa Chara angesema ndiyo, kama si huyu? Miaka ishirini alikuwa akiwasuta, toka juu ya dungu, wazee wa kule na wa huku waliowatenganisha Dado na Barwako. Binti alilala usingizi mzuri. Mama hakulala.

Tusimwonee Mwanatumu. Aliogopa, ndilo neno lenyewe. Wafugaji hawakai. Leo wako malka, kesho wako majani yaliko, siku nne kwa miguu, na Halima angekwenda nyuma ya ng'ombe na kurudi mara moja kwa mwaka, au asirudi. Na yeye abaki na nani? Azeeke na chungu kimoja? Tena kulikuwa na vinywa vya watu. Alimwendea Uledi, kaka wa marehemu mumewe, mwenye sauti katika ukoo, akitumaini kwamba atakataa yeye. Uledi alikuwa mjanja. Akamwambia, "Shemeji, mtoto umemlea mwenyewe, neno ni lako. Lakini mimi nikisikia binti ya ndugu yangu anachunga ng'ombe, sitacheka."

Sasa kwa desturi ya hapo, mgeni aliyekuja kuposa hatoi neno lake kabla ya kula chakula cha nyumba ile. Ale kwanza, anawe, ndipo aseme. Asipokula hana ruhusa ya kusema, na lisilosemwa halihitaji kujibiwa. Mwanatumu aliifikiri desturi hiyo siku nyingi, akipanda mpunga, akiwa ameinama majini. Siku ya wageni ilipofika alikuwa ameshamaliza kufikiri.

Asubuhi Halima alichemsha kunde, akazitia samli, akaacha chungu kando ya moto, akaenda mtoni kuoga na kuteka maji. Aliporudi harufu ilimpokea mlangoni. Kambale wawili wanene walikuwa jikoni katika mchuzi, na chungu cha kunde kimefunikwa pembeni, mbali na moto.

"Mama, kunde zimefanya nini?"

"Hazijafanya kitu. Wageni wa maana hupewa kilicho bora. Bora chetu ni kambale."

Halima alimtazama. Alikuwa bado na mtungi kichwani, maji yanamdondokea mabegani. Akautua, maana wageni walikuwa wameshapiga hodi.

Walikuja wazee watatu, Jaldesa mbele, wamevaa nguo safi, na mmoja amebeba kifurushi cha buni zilizokaangwa katika samli, ambazo kwao ndizo mwanzo wa maneno ya heri. Walikaa. Waliulizana hali, mto, mvua, mifugo. Uledi aliwakaribisha kwa maneno matamu sana. Kisha Mwanatumu akaleta chano cha wali, na juu ya wali kambale wawili wazima, vichwa na ndevu zao.

Jaldesa alikitazama chakula kwa muda. Hakukunja uso. Alikuwa mtu wa heshima, na pengine kwa sababu hiyo jambo lile lilikuwa baya zaidi. Akasema, "Mungu akuzidishie, mama. Sisi tumekula njiani." Akainuka, wenziwe wakainuka, wakapeana mikono na kila mtu, na kile kifurushi cha buni kikarudi kwapani kilikotoka. Hapakuwa na tusi, hapakuwa na hapana. Mwanatumu aliwasindikiza mpaka ukingoni kama inavyotakiwa.

Kijiji kilimpongeza. Uledi alikula kambale mmoja peke yake, akasema, "Shemeji, una akili. Hukumvunjia mtu heshima." Jirani yake Amina alicheka mpaka akakaa chini, akataka kuelezwa tena uso wa yule mzee ulivyokuwa. Mwanatumu naye alicheka kidogo. Halima alizichukua kunde zake, akawapelekea watoto wa jirani, akarudi akaosha vyungu.

Hakulia wala hakugombana. Wala hakutoroka, ingawa kwa juma zima mamake alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kuangalia kama mtumbwi upo. Alipalilia, alipika, aliitika alipoitwa. Ila macho yake yaliacha kumwangalia mamake usoni, yakawa yanamwangalia mikononi, kama mtu anayesubiri kupewa kazi. Miezi mitatu ilipita hivyo, na mpunga ukatia maziwa.

Watu wakapanda madunguni. Mwanatumu akaanza hadithi kama kila mwaka, na siku tano za kwanza zilikwenda vizuri, ingawa kuitikia kulianza kwa Amina, si kwa Halima. Siku ya sita ni siku ya kiapo. Dado anautupa mtego mtoni, msimulizi anauliza, "Akaacha nini?" na mashamba yote yanajibu kwa kishindo, "Akaacha samaki!" Ndege wote wa Chara huruka kwa sauti ile moja. Mwaka ule Mwanatumu alifika hapo, akafungua kinywa, na swali likamkwama. Alimwona Halima upande wa kushoto amesimama, anazungusha kombeo, anawatupia ndege udongo, wala hamtazami. Mwanatumu aliona aibu. Akashika mti wa dungu. Watu wakadhani anawarusha roho kwa makusudi, wakapenda, wakajibu bila kuulizwa.

Ikabidi aendelee. Hadithi ile haikuwa yake peke yake, na ndege hawajali mambo ya nyumbani kwa mtu.

Asubuhi ya kuvuna walikusanyika wote chini ya dungu lake, visu mkononi, na akawapa kipande cha mwisho. Mtumbwi mtupu ukaja. Barwako akainua mguu. "Usiingie, mwanangu," sauti nene ikasema, na alikuwa Uledi, machozi yanamchuruzika mpaka ndevuni. Barwako akaingia. Watu wakalia, Amina akajifunika uso kwa kanga, na Uledi akageukia wenziwe akasema kwa uchungu wa kweli, "Watu wale walikuwa na roho gani? Kuwatenganisha watoto wale!"

Aliyasema hayo bila haya yoyote, wala hakuwa mnafiki. Angeweza kuapa. Mwanatumu alimtazama toka juu, akawatazama na wengine, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akajiuliza machozi yale ni ya nini. Dado na Barwako walikuwa rahisi kupendwa. Hawakuja na wazee mlangoni. Hawakutaka kumchukua mtoto wa mtu siku nne kwa miguu. Walichotaka ni uwalilie asubuhi moja kwa mwaka, kisha uende ukavune ukijiona mtu mwema. Na nani aliyewafundisha kulia hivyo, kama si yeye? Halima peke yake alikuwa hayupo pale chini. Alikuwa ameshaanza kukata mpunga, yuko mbali, mgongo umeinama.

Mwanatumu aliteremka akamfuata. "Kesho naupanda mto mpaka malka," akamwambia, "kwa kina Jaldesa."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia nilipika kwa makusudi, na kuwaomba waje tena. Nitawapikia kunde kwa mkono wangu."

Halima alinyooka. Alimwangalia mamake usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamwangalia sana. Hakutabasamu, lakini jioni ile alifua kanga ya mamake mara mbili, akaifukiza, isije ikanuka samaki. Akajaza kikapu cha mpunga mpya kiwe zawadi. Asubuhi aliushika mtumbwi mamake alipopanda, akasema, "Mwulize na hali yake." Mwanatumu alisukuma pondo kwa nguvu za msichana, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Alifika jua likiwa limesogea kidogo kutoka utosini. Wanaume walikuwa machungani. Aliyempokea ni Sabdio, mke wa Jaldesa, mwanamke mrefu, mkavu, anayejua maneno ya mtoni kidogo. Alimpa maziwa, akangoja ayamalize. Mwanatumu akasema yote bila kujitetea: aliogopa kubaki peke yake, kunde zilikuwapo, amekuja kuomba msamaha na kuwaita tena.

Sabdio alisikiliza, akatikisa kichwa polepole. "Siku ile Jaldesa alirudi, akaniambia, samaki. Mimi nikasema, labda mama yule hakujua. Halkano akasema anajua. Mama wa hadithi, yule anayesema Dado akaacha samaki, anakosaje kujua? Ndiyo akakaa kimya. Mwezi mzima akakaa kimya. Babake akamtafutia binti ya Dabaso, yeye akakubali. Ng'ombe wa mahari wamekwenda. Binti amekuja. Yuko kwa nyumba ile pale."

Mwanatumu aliitazama nyumba ile. Ilikuwa mpya, nyasi zake bado za kijani. Mlangoni alikaa msichana mdogo anapaka kibuyu samli, na alikuwa na uso mwema, hata kumchukia haikuwezekana. Mwanatumu akaiweka zawadi yake ya mpunga chini, akainuka aende.

"Ngoja," Sabdio akasema. "Umetoka mbali. Hadithi yako sisi tunasikia kwa watu tu, kipande kipande. Wewe mwenyewe umekuja. Tuambie."

Alitaka kukataa. Lakini alikuwa mkosaji katika nyumba ya watu, na walimwomba kwa heshima. Basi akakaa, akawasimulia siku zote kumi na tano kwa mchana mmoja. Wanawake walikuja, wakajaa, yule msichana wa mlangoni naye akaja na kibuyu chake. Kwenye kiapo cha samaki Sabdio alitazama chini. Mtumbwi mtupu ulipofika malka, mmoja alisema neno kwa Kiorma, na Mwanatumu alilielewa bila kufasiriwa: usiingie. Wote walilia. Sabdio alilia kuliko wote, akapangusa uso kwa ncha ya nguo, akasema, "Maskini watoto wale. Kwa nini hawakuwaacha tu?"

Mwanatumu alimtazama aone kama anamsuta. Hakuwa akimsuta. Na yeye mwenyewe, jambo la ajabu, mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Alirudi na mkondo wa maji, akafika kwao jua linateremka. Halima alikuwa uani anapepeta mpunga. Aliposikia pondo likiwekwa chini hakuinuka, alingoja mamake aje mpaka pale. Mwanatumu alisimama mbele yake na kikapu kitupu.

"Wameshamwoza," akasema. "Binti ya Dabaso. Mwezi wa pili huu."

Halima aliinamia ungo. Mpunga ulitulia ndani yake. Akauliza, "Hali yake?"

"Sikumwona. Alikuwa machungani."

"Mbona umechelewa hivyo?"

"Waliniomba hadithi."

"Ukawapa?"

"Niliwapa."

"Wakalia?"

"Walilia," Mwanatumu akasema, na hakuweza kumficha. "Mamake Halkano alilia sana. Na mimi nililia."

Halima aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia na sasa anaijua. "Basi kosa ni langu, mama," akasema. "Ningezama, mngenihurumia nyote." Akauinua ungo akaendelea kupepeta, na makapi yakamwangukia mamake miguuni.

Mwanatumu alikaa chini karibu naye. Akauvuta kwake ungo wa pili, akaanza kupepeta.